UZI: Soriasisi si fangasi wala uchafu. Ni mbiu ya kinga ya mwili iliyokataa kunyamaza

#1 MtotoWaPangani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nina soriasisi, ugonjwa wa mabaka ya magamba kwenye ngozi, tangu nikiwa kidato cha tatu, na huu ni mwaka wa 14. Minne ya mwanzo nilitibiwa fangasi. Tyubu juu ya tyubu, sabuni za kila rangi, na mama yangu alikuwa akichemsha shuka zangu kila Jumamosi akidhani kuna mdudu anayejificha humo. Kisha siku moja, kwenye kliniki ya ngozi, dada aliyekuwa zamu alikwangua gamba moja kwenye kiwiko changu taratibu sana. Chini yake vikatokea vidoa vya damu kama vimechomwa na ncha ya sindano. Akaniambia, "Kaka, hii haikutoka nje. Imetoka ndani."

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya "ndani" hiyo. Mimi si daktari, na waliosomea watanirekebisha. Naandika kwa sababu kila wiki humu naona mtu ameweka picha ya mgongo wake, halafu chini yake majibu kumi: paka hiki, sugua na kile. Kusugua ndiko kunakotumaliza, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na ngozi nzima. Seli za ngozi huzaliwa chini, hupanda juu polepole, hukauka, hupukutika. Safari hiyo huchukua karibu mwezi mmoja. Penye baka la soriasisi safari ni ya siku 3 hadi 7. Seli zinafika juu hazijakomaa, hazijui hata kuachana, zinabaki zimegandana tabaka kwa tabaka. Hayo ndiyo magamba meupe tunayoyaacha kwenye kiti tukiinuka.

Kwa miaka mingi wataalamu nao waliamini kosa ni la seli za ngozi zenyewe, kwamba zina haraka ya kuzaliana. Mwaka 1979 watafiti walikuwa wakijaribu saiklosporini kwa wagonjwa wa viungo. Hiyo ni dawa ya kutuliza kinga, inayotumika pia kwa waliopandikizwa figo ili mwili usikatae kiungo kipya. Miongoni mwa wagonjwa wale walikuwamo wenye soriasisi, na mabaka yao yakaanza kufutika. Dawa ile kazi yake kubwa ni kuzizuia seli T, zile chembe nyeupe za damu ambazo ni kama askari wenye kumbukumbu. Mwaka 1995 ukaja ushahidi mwingine: wagonjwa wachache walipewa sumu iliyotengenezwa iziwinde seli T zilizokwisha kuamka, basi. Ngozi haikuguswa moja kwa moja, lakini kwa baadhi yao mabaka yalipungua sana. Na kuna watu waliowekewa uboho wa mtu mwenye soriasisi wakaipata, wengine waliokuwa nayo wakawekewa uboho wa mtu asiye nayo ikawaondoka. Ukijua kwamba chembe za kinga huzaliwa kwenye uboho, huhitaji kuambiwa zaidi.

Sasa nini hutokea? Mimi hujieleza hivi. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kijijini mwizi akionekana, mbiu hulia, watu hutoka na marungu, mwizi hukamatwa au hukimbia, mbiu hunyamaza, watu wanarudi kulala. Kinga nzima ndivyo ifanyavyo. Kwetu sisi mbiu ililia, watu wakatoka, na wale waliotoka wakashika mbiu nyingine.

Mlio wa kwanza huwa kitu kidogo. Mkwaruzo, jua lililobabua, koo lililooza, msongo wa mawazo. Seli za ngozi zikiumia huachia vipande vya vinasaba vyao pamoja na kiprotini kiitwacho LL-37, ambacho kazi yake halali ni kuua vijidudu. Viwili hivyo vikishikana hudanganya walinzi wa zamu, seli za dendraiti, zenye vijitawi kama mti. Zinaona kana kwamba kirusi kimeingia, zinamwaga kemikali ya tahadhari iitwayo interferoni. Interferoni inaamsha seli za dendraiti nyingine, na hizo ndizo zinazopiga mbiu kubwa kwa kemikali za kupelekeana ujumbe: interlukini-12, interlukini-23, na ile iitwayo TNF.

Seli T zinasikia. Zinaanza kutoa interlukini-17 na interlukini-22. Hizi zinatua kwenye seli za ngozi na kuziamuru mambo mawili: zaaneni haraka, na nanyi piteni mkitangaza. Seli za ngozi zinatii. Zinatoa kemikali za kuita nyutrofili, askari wa mwanzo wa kinga, ambao hupanda mpaka kwenye gamba lenyewe. Zinaita pia seli T zaidi na seli za dendraiti zaidi. Zinatengeneza LL-37 zaidi. Vishipa vya damu vinapanuka na kujikunja karibu kabisa na uso wa ngozi, na ndiyo maana ukikwangua unaona vile vidoa.

Mnaona duara lilivyojifunga? LL-37 iliyoanzisha fujo inatengenezwa upya na fujo hiyohiyo. Madaktari wetu huita hali hii ya ngozi kuwaka, kuvimba na kuwasha mchochota. Mchochota ni kazi ya mwili wenyewe, ila umeifanyia mahali pasipo na mwizi.

Kwa hiyo ukichukua jiwe la kusugulia miguu ukakwangua baka, unapiga mbiu kwa mkono wako. Mwaka 1872 daktari wa Ujerumani, Heinrich Koebner, alieleza kwamba soriasisi huota palepale ngozi ilipojeruhiwa. Mimi nina mstari mnyoofu kwenye paja, ulifuata mkwaruzo wa seng'enge.

Naomba maswali.

#2 Mzee wa Mtama

Mleta uzi hongera, nimesoma mpaka mwisho. Hii si ndiyo pumu ya ngozi? Mke wangu aliambiwa ana pumu ya ngozi na mabaka yake yanafanana na haya.

#3 MtotoWaPangani

Mzee shikamoo. Hapo ndipo wengi tunapotea, maana jina hilo watu hulipa magonjwa yote mawili. Kwa kawaida pumu ya ngozi ni ukurutu, ule unaoanza utotoni, unaopenda mikunjo ya viwiko kwa ndani na nyuma ya magoti, na mara nyingi nyumba hiyohiyo ina mtu wa pumu ya kifua au mafua ya vumbi. Soriasisi hupenda viwiko kwa nje, magoti kwa mbele, kichwani, kiunoni nyuma, na kingo zake zimechorwa kama ramani.

Ndani pia mbiu ni tofauti. Ukurutu huendeshwa zaidi na interlukini-4 na interlukini-13. Hizo hupunguza vile viprotini vya kuua vijidudu, ndiyo maana ukurutu hutunga usaha kila mara. Soriasisi ina viprotini hivyo tele, na mabaka yetu pamoja na ubaya wake wote ni nadra kuoza. Dawa ya mmoja inaweza isimfae mwingine kabisa. Mpeleke mama aonwe na mtu wa ngozi.

#4 Nakuru_mashariki

Hujambo kaka. Mimi swali langu ni moja tu. Nilitumia dawa ya kupaka miezi mitano, goti likawa safi kabisa, nikasherehekea. Nikaacha. Baada ya wiki sita limerudi, na si mahali pengine, ni palepale, hata umbo ni lile lile! Kwa nini?

#5 MtotoWaPangani

Swali hili lilinisumbua miaka. Jibu lake ndilo lililonituliza moyo, kwa sababu nilikuwa najilaumu kwamba nimekula kitu kibaya.

Seli T zilizopigana kwenye goti lako si zote zilizorudi kwenye damu. Baadhi zimejenga hapohapo. Zinaitwa seli T za kumbukumbu wakazi. Baka likifutika, kwa macho ngozi ni nzima, ila chini yake wakazi wamelala na wanakumbuka. Dawa ikiondoka, mkwaruzo mdogo tu unawaamsha na wanatoa interlukini-17 bila kusubiri askari wapya kutoka mbali. Mwaka 2004 watafiti walichukua ngozi isiyo na baka kutoka kwa watu wenye soriasisi, wakaipandikiza kwa panya wasio na kinga ya kutosha. Soriasisi ikaota pale kwenye kipande. Askari walikuwa wamesafiri ndani ya ngozi.

Hukukosea chochote. Ila usiache dawa ghafla, ongea na daktari akupangie kupunguza: kutoka kila siku kwenda mara mbili kwa wiki, hivyo.

#6 daktari_mwanagenzi

Nimepitia uzi nikiwa zamu ya usiku hapa Moshi. Kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC tangu 1992, kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Mleta uzi umeeleza vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi ninaowasikia. Ruhusa nirekebishe mawili.

Kwanza, umeziweka interlukini-12 na 23 sawa. Hapo sayansi yenyewe iliteleza. Molekuli hizi mbili zina kipande kimoja wanachochangia. Mwanzoni watu waliona kipande hicho kimejaa kwenye mabaka wakasema mkosaji ni 12, maana 23 haikuwa imejulikana mpaka mwaka 2000. Dawa ya sindano ustekinumabu, iliyoidhinishwa 2009, inashika kile kipande cha kuchangia, kwa hiyo inazuia zote mbili na inafanya kazi. Baadaye zikaja dawa zinazoshika kipande cha 23 peke yake, guselkumabu mwaka 2017 na risankizumabu 2019, na zikafuta mabaka vizuri zaidi. Mpiga mbiu ni 23. Ndiyo inayozilea seli T zinazotoa 17 zisichoke.

Pili, umeandika kana kwamba ugonjwa unaishia kwenye ngozi. Kwa baadhi ya wagonjwa mchochota huingia kwenye viungo. Vidole vinavimba kama soseji, kisigino kinauma, asubuhi mtu anachukua nusu saa au zaidi kulegea. Kucha zenye vishimo vidogo kama vya kastabini ya mshonaji ni ishara ya kuangalia. Kiungo kikishaliwa hakirudi, kwa hiyo mwenye dalili hizi asikae nyumbani.

Na neno moja kwa wenzangu wa afya. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, baka linaonekana jekundu. Kwenye ngozi yetu baka huwa la zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na likipona huacha doa jeusi au jeupe. Ukingoja wekundu utaandika fangasi siku zote. Wakati mwingine zote ziko pamoja, na kipimo cha kukwangua na kutazama kwenye hadubini ni cha dakika chache.

#7 MtotoWaPangani

Nimepokea marekebisho daktari, ahsante sana. Hilo la 12 na 23 nilikuwa sijalielewa. Na la wekundu limenigusa. Miaka yangu minne imo humo.

#8 Mama wa Wawili

Jamani mimi nina wasiwasi. Binti yangu wa miaka 11 aliumwa mafindofindo, homa kali. Wiki mbili au tatu baadaye mwili mzima umetoka vidoa vidogo vidogo kama matone ya mvua, vina magamba. Shuleni wamemwambia asikae karibu na wenzake.

#9 daktari_mwanagenzi

Pole mama. Siwezi kumtibu mtu kwa maandishi, ila hadithi hiyo inafanana sana na soriasisi ya matone. Bakteria wa koo wanaoitwa streptokoka wanazipa seli T somo kwenye mafindofindo. Kisha seli hizo zinafika kwenye ngozi, zinakutana na viprotini vya mwili vinavyofanana na vya bakteria, zinashambulia. Wengi wanaopata hivyo wana jeni iitwayo HLA-C*06:02, ambayo kazi yake ni kuonyesha vipande vya protini kwa seli T. Mpeleke koo lake lichunguzwe. Kwa watoto wengi hufifia ndani ya wiki au miezi michache.

Na mwalimu mkuu umwambie haiambukizi. Hata mkilala kitanda kimoja na kutumia taulo moja, haihami. Kinachoshambulia ni chembe za mwili wake mwenyewe. Ukihitaji barua, kituo cha afya watakuandikia.

#10 Mwana_wa_Kariakoo

Mimi naandika kuonya wenzangu. Duka moja la dawa mtaani walinichoma sindano, wakanipa na vidonge vya prednisoloni. Siku tano nikawa kama sijawahi kuumwa. Vidonge vilipoisha nikanyamaza. Siku ya tisa mwili wote umewaka moto, natetemeka, vipele vya usaha kila mahali. Nililazwa siku 12. Daktari aliniambia usaha ule hauna hata kijidudu kimoja, sikumwelewa.

#11 daktari_mwanagenzi

Pole sana, na ahsante kwa kuandika, umeokoa mtu. Usaha ni nyutrofili. Kwenye jipu zimekuja kwa sababu ya bakteria. Kwako zimekuja kwa sababu ya mbiu peke yake, hasa interlukini-36 ambayo ngozi huitoa. Vidonge vya steroidi vilikuwa vimeinyamazisha kwa nguvu, vilipoondolewa ghafla ikarudi kwa kishindo. Soriasisi haitibiwi kwa kozi fupi za prednisoloni, kwa sababu hiyohiyo. Mwenye vipele vya usaha vya namna hii, homa na kutetemeka, aende hospitali siku hiyohiyo.

Wanaotumia mkorogo nao wasikilize. Mchanganyiko mwingi una klobetasoli, steroidi kali kuliko karibu zote za kupaka. Ukijipaka mwili mzima kwa miezi halafu ukaacha, unacheza na mlango uleule.

#12 Mswahili_Muscat

Asalaam alaykum. Mimi niko Muscat, nachomwa sekukinumabu mwaka wa pili. Alhamdulillahi mgongo ni kama wa mtoto. Ila mara mbili nimepata utandu mweupe mdomoni. Daktari kasema ni kwa sababu ya sindano. Sasa dawa ya kutibu ngozi inaletaje fangasi mdomoni?

#13 MtotoWaPangani

Waalaykum salaam ndugu yangu. Hili nalipenda kwa sababu linaonyesha interlukini-17 si adui. Ndiyo inayolinda mdomo na ngozi dhidi ya kandida, yule fangasi wa utandu. Sekukinumabu, iliyoidhinishwa 2015, inaikamata 17 kabla haijatua. Mbiu imenyamaza mgongoni, na mdomoni mlinzi mmoja amepungua. Kwa kawaida hutibika kwa dawa ya fangasi bila kuacha sindano.

Mfano mwingine unatuhusu sana huku. TNF ndiyo inayosaidia kushikilia ule ukuta ambao mwili hujenga kuzunguka bakteria wa kifua kikuu waliolala. Dawa za kuzuia TNF kama etanasepti na adalimumabu zinaweza kuubomoa. Ndiyo maana kabla ya kuanza ni lazima upimwe TB, hata kama hukohoi.

#14 Nakuru_mashariki

Na sisi ambao sindano hizo hatuziwezi? Nimeuliza bei nikakaa chini.

#15 daktari_mwanagenzi

Bei ni jeraha la kweli na sitalifunika. Ila wengi wenye ugonjwa wa wastani hawahitaji sindano hizo. Steroidi ya kupaka kwa mpangilio, kalsipotrioli (dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini D), salisiliki ya kulainisha magamba, mafuta mazito kila ukitoka kuoga. Mwanga wa UVB wa nanomita 311 huzifanya seli T zilizo kwenye baka zife, na jua la asubuhi kwa kiasi lina nguvu hiyohiyo kidogo. Likikubabua umeharibu, rudi kwa Koebner.

Methotreksati ni kidonge cha zamani, si ghali, kinatuliza seli T. Naomba msome hapa mara mbili: kwa soriasisi kinamezwa SIKU MOJA KWA WIKI, pamoja na foliki asidi siku atakazokupangia daktari. Watu wamekufa kwa kukimeza kila siku. Hakiendi na ujauzito, hakiendi na pombe, na damu na ini hupimwa.

#16 mgeni_leo

Naficha jina langu la kawaida. Nina VVU. Soriasisi ilinilipukia kabla sijajua hali yangu, mwili mzima. Kama ugonjwa unaletwa na kinga kuwa kali, na kinga yangu ilikuwa imeshuka, imekuwaje?

#17 daktari_mwanagenzi

Swali hili limewaumiza vichwa watafiti tangu miaka ya themanini. VVU hula seli T za aina ya CD4. Miongoni mwa hizo zimo watulizaji, wale wanaowaambia wenzao basi. Seli T za aina nyingine, CD8, zinabaki, na kwenye tabaka la juu la ngozi lenye soriasisi CD8 ndizo nyingi, nazo zinajua kutoa 17. Kinga inaweza kupungua idadi na bado ikakosa breki. Ndiyo maana soriasisi kali inayolipuka ghafla kwa mtu mzima ni sababu ya kupima VVU. ARV zikishika, ngozi kwa wengi hupungua. Endelea nazo, na mwambie daktari wa ngozi hali yako kabla hajakuandikia kitu cha kushusha kinga.

#18 mgeni_leo

Nimeanza ARV miezi minane iliyopita. Mikono imesafika. Nilidhani ni bahati.

#19 Mzee wa Mtama

Narudi na mrejesho. Nilimpeleka mama. Walikata kinyama kwenye kiwiko, majibu yametoka leo. Karatasi imeandikwa tabaka la ngozi limenenepa, vishipa vya damu vimepanuka, na kuna "mikusanyiko ya nyutrofili kwenye tabaka la juu". Mwanangu, hawa nyutrofili ndio wale uliowaandika kwenye mada?

#20 MtotoWaPangani

Ndio walewale mzee wangu, waliopandishwa mpaka kwenye gamba. Basi si ukurutu. Mwambie mama aache kujisugua kuanzia leo usiku, na kesho akienda kuchukua dawa muulize kama vidole au visigino vinamkaza asubuhi. Akisema ndiyo, mwambieni daktari kabla hamjatoka mlangoni.